Mzee Aliyefuta Ndege

Katika miaka niliyomjua, mzee huyu aliangusha mashujaa wengi kuliko mizinga yote ya vita vile vya Ulaya. Silaha yake ilikuwa penseli nyekundu. Uwanja wake ulikuwa chumba cha kufulia nguo kilicho chini ya jengo letu, Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, pale penye meza ndefu ya kukunjia mashuka. Nyumba yake ya ghorofa ya nne ilikwisha kujaa makaratasi mpaka kitandani, kwa hiyo alikuwa akijiandikisha zamu ya kufua kama sisi wengine, anashuka bila hata soksi moja chafu, anatandaza ramani.

Kazi yake, ambayo hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa, ilikuwa hii. Wakati wa vita ndege za mabomu za Waingereza zilikwenda Ujerumani usiku, na Wajerumani wakarusha ndege za kuziwinda gizani. Ndani ya kila ndege ya kuwinda walikaa watu wawili watatu: rubani, mtu wa rada wa kumwambia kata kushoto, kata kulia, na pengine mpiga bunduki wa nyuma. Wakitua walijaza fomu: tumetungua moja, saa fulani, mahali fulani, kimo fulani, shahidi fulani. Aliyefikisha idadi alivishwa nishani shingoni. Mzee alikusanya nakala za fomu hizo kwa barua, kutoka nchi hii na nchi ile, akaziweka kando ya orodha za Waingereza za ndege ambazo hazikurudi nyumbani. Zilizodaiwa zilizidi zilizokosekana. Basi akawa anauliza, moja baada ya nyingine: hii ilikuwa ya nani?

"Ndege huanguka mara moja," alikuwa akisema. "Wanaoiangusha ndio wengi."

Na asidhani mtu kwamba yeye alipigana. Ni Mswidi, na Waswidi vita vile walivitazama kwa mbali kama mtu anayetazama ugomvi wa jirani dirishani, taa imezimwa. Yeye hasa alikuwa mtazamaji wa kazi. Ujanani walimweka juu ya mnara huko kusini, pwani, na darubini na simu, aseme akiona kitu angani. Usiku mmoja aliona ndege ikiungua, ikashuka baharini. Moja. Miaka mingi baadaye akasoma kwenye vitabu kwamba usiku ule, mahali pale, marubani watatu walitungua ndege tatu, na wote watatu walipongezwa. "Nikajiuliza," aliniambia, "hizo mbili nilizikosaje? Nilikuwa macho." Jambo hilo lilimkaa kooni maisha yake yote.

Tulikuwa tukizungumza Kiswahili. Alikuwa amefundisha upimaji wa ardhi Tanzania, Iringa, na Kiswahili chake kilinyooka kama shati la mwalimu. Changu mimi nimekiokota, nusu kwenye kambi za askari Uganda, kwa kipigo, nusu ukimbizini Tabora, kwa njaa. Siku ya kwanza nilimsabahi "Habari, Mzee." Akanitazama.

"Shikamoo imepotelea wapi?"

"Uganda hatuna hiyo, Mzee."

"Hallunda tunayo."

Mimi mtu wa miaka arobaini na kitu, kichwa kimeshaanza mvi, vidole viwili havikunjiki, nikaamkia. Akajibu marahaba kwa raha, kama mtu aliyeletewa kahawa. Tangu hapo nikawa "kijana", na hakunipandisha cheo hata siku moja.

Kilichotuunganisha ni uchafu. Mama mmoja wa ghorofa ya pili, mwenye mbwa mfupi, alibandika karatasi ubaoni kwamba mwanamume mwafrika ameacha nyuzi kwenye mashine ya kukaushia. Mwafrika mwanamume katika jengo lile nilikuwa mimi peke yangu, hata jina hakuhitaji kuliandika. Mzee akaibandua karatasi, akampandishia mama yule mpaka mlangoni, mimi nyuma yake.

"Ulimwona?"

"Kila mtu anajua."

"Huyo kila mtu simjui. Wewe ulimwona saa ngapi?"

Mama akataja saa. Mzee akafungua daftari la zamu. Saa ile mimi nilikuwa kazini, nafagia mabehewa ya treni ya chini ya ardhi, na zamu ilikuwa ya mama mwenyewe. Nyuzi zenyewe, Mzee alikuwa amezihifadhi ndani ya bahasha, zilikuwa manyoya ya mbwa. Aliziweka mkononi mwa mama yule kwa heshima zote, akasema ahsante, tukashuka.

Nakwambia, sikulala kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu kunishtaki na mtu mwingine akauliza uliona nini. Kule nilikotoka hawakuuliza. Nikajiambia: huyu ndiye mtu wangu. Huyu atanisaidia na Zakaria Mulondo.

Nimtaje vizuri, asije akajificha kwenye wingi wa majina. Zakaria Mulondo alikuwa karani wa ghala la pamba Jinja, ambapo mimi na mdogo wangu Yosia tulikuwa wapakuzi. Asubuhi moja askari walikuja nyumbani kwetu na jipu, wakamchukua Yosia. Hakurudi. Mimi walinichukua siku ya tatu yake, nikakaa kambini miezi saba mikononi mwa Koplo Ratibu, naye nimtaje pia. Nilitoka hai. Na asubuhi ile ya Yosia, kando ya jipu, alisimama Mulondo. Aliwaonyesha nyumba kwa kidole. Miaka ikapita, nikafika Stockholm, na nani ninamkuta mtaa wa Hjulsta, amevaa koti la ngozi, amekuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu? Wakimwita Mheshimiwa. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: nisimame mbele ya watu nimtaje kwa kosa lake, na nisiweze kupingwa.

Nilimsimulia Mzee habari hiyo mara nyingi, kwa vipande, mashine zikizunguka. Alisikiliza bila kuandika. Alikuwa msikilizaji mbaya, kusema kweli. Mtu ukimlilia yeye anatazama pembeni. Ukitaja saa, anageuka.

Alikuwa na maneno yake. "Moto ni moto, si ndege," akimaanisha rubani aliona mwanga kwenye wingu akaandika ushindi. "Aliyeona vizuri husimulia kwa ufupi." Na lile nililolichukia kuliko yote: "Waongo ni wachache, kijana. Wengi wana haraka tu." Haraka! Nilimwambia Koplo Ratibu hakuwa na haraka hata kidogo.

Alikuwa pia na mambo yasiyopatana. Mtu huyu ambaye hakukubali jambo bila mashahidi wawili alikwenda kanisani kila Krismasi na kuimba kwa sauti ya kutisha watoto. Nikamuuliza, na kule je, Mzee, mashahidi ni wangapi? Akafikiri. "Wanne. Lakini saa zao hazilingani." Aliwadharau mashujaa, na bado juu ya jokofu lake palikuwa na picha ya vijana wawili wa Kijerumani, rubani na mtu wake wa rada, walioruka vita vizima na kutodai hata ndege moja. Aliipangusa vumbi picha ile kuliko alivyojipangusa yeye. "Ama hawakuona kitu," alisema, "ama waliona wakanyamaza. Nawapenda kwa yote mawili."

Na hasira za wazee wale aliowafutia! Waliandika, walipiga simu. Nilikuwepo siku alipopiga mmoja kutoka Ujerumani, sauti ikisikika mpaka jikoni. Mzee alishikilia simu mbali na sikio, donge la sukari kati ya meno, akanywa kahawa yake mpaka yule akachoka. Kisha akasema kwa upole, na baadaye akanitafsiria: "Ndiyo, bwana, najua ulipewa nishani. Nishani naikubali. Ndege siikubali."

Sasa lazima niseme habari za jumuiya yetu, maana hapo ndipo penseli ilipopata shamba jipya. Tulikutana Jumapili moja kila mwezi, alasiri, katika ukumbi wa kukodi hapo Hallunda: Waganda, Watanzania, Wakenya wachache, Wakongo wawili watatu, kila mmoja na Kiswahili chake, watoto pembeni wakigombana kwa Kiswidi. Baada ya pilau zilianza hadithi. Ukiwahesabu watu wa Stockholm peke yao walioikomboa Kampala kwa mikono yao, utashangaa kwa nini ilichukua miaka minane. Kila mwaka ukombozi uliongezeka. Aliyekuwa mpishi wa jeshi mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu alikuwa mbele ya kifaru. Na Mulondo ndiye alikuwa rubani wao mkuu: alidai amewatoa watu kumi na mmoja kambini, usoni mwa bunduki, kwa akili yake na kwa binamu yake aliyekuwa ofisa. Kumi na mmoja! Wakapendekeza wampe cheo cha mlezi wa kudumu wa jumuiya, na kumkaribisha mgeni kutoka manispaa aje ashuhudie.

Nilishuka chumba cha kufulia siku ileile. "Mzee, shikamoo. Nataka uniandikie. Kwa Kiswahili na kwa Kiswidi. Nitasoma mbele ya wote."

Akavuta kadi mpya. Kadi zilezile za ndege: mahali, saa, kimo, shahidi.

"Tuanze na huyo Koplo."

Nikanyoosha mkono. Akavitazama vidole vyangu viwili, akavigusa, akaandika: *Ratibu. Imekubaliwa.* Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Nikasema moyoni, leo ni leo.

"Mulondo. Saa?"

"Saa nne asubuhi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Chooni, uani. Niliona kwenye ufa wa mlango."

"Umbali?"

"Kama kutoka hapa mpaka mlango wa kituo cha treni."

"Mbali. Jua lilikuwa upande gani?"

Sikupenda swali lile. "Mbele yangu."

"Machoni?"

"Machoni."

"Alionyesha kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

Akaweka penseli chini. "Mwaka juzi uliniambia mkono wa kulia alishika faili."

"Basi wa kushoto!"

"Na majira yale ya baridi ulipougua, uliniambia aliyewaonyesha askari ni mwenye nyumba wenu."

"Nilikuwa na homa!"

"Kijana," akasema, "usinijibu mimi. Ingia tena chooni. Uliona nini?"

Nikaingia tena, Mungu anisamehe. Nikauona ufa, na mwanga, na jipu. Nikamwona Mulondo. Kwa mgongo. Shati jeupe, mgongo, na mikono yote iko mbele yake ambako mimi siwezi kuiona. Kisha askari wanakwenda moja kwa moja kwenye mlango wetu.

Nikamwambia hivyo. Mashine ilikuwa inakamua, meza inatetemeka, akangoja imalize. Akaandika: *Alikuwepo: imekubaliwa. Alionyesha nyumba: haijathibitishwa. Shahidi mmoja, kwa nyuma, jua machoni.*

Yaliyonitoka mdomoni siyaandiki yote. Nilimwambia, wewe na nchi yako hamjapigana na mtu, mnakaa hapa kwenye joto mnawafutia wenzenu vita vyao.

"Ni kweli," akasema. "Ndiyo maana nina muda."

Lakini Jumapili ilipofika alikuja ukumbini, ameoga, tai shingoni. Akapewa sahani, akakaa nyuma kabisa karibu na makoti. Mulondo alisimulia watu wake kumi na mmoja, mgeni wa manispaa akitikisa kichwa kwa huzuni, hajui neno hata moja. Walipotaka kupiga kura, nikasimama. Sikuwa na karatasi. Nikasema: "Zakaria Mulondo, Jinja, asubuhi ile, ulisimama kando ya jipu. Ukawaonyesha nyumba yetu. Ulimwua Yosia."

Mmoja akasema, "Keti chini, ssebo, usitutie aibu mbele ya wageni." Mkongo mmoja akapaza sauti, "Ee, muache papa aseme!" Mulondo hakukasirika, angekasirika ningemshukuru. Alikunja uso kama mtu wa msibani. "Ndugu yangu, pole. Yosia tulimpenda sote. Nilikuwa kazini pale, ghala lilikuwa mtaa uleule. Lakini ulichokisema ni kitu kizito. Nani mwingine aliona?"

Na mimi, ambaye nilikuwa nimefundishwa swali lile wiki nzima, nikageuka kutazama kwenye makoti.

Hapo ndipo nikasikia kiti cha nyuma kikisogea.

"Shikamooni," alisema Mzee. Watanzania wote wakaitika marahaba kabla hawajatambua ni nani. "Nami nina swali kama la mwenyekiti. Hao kumi na mmoja, tunaweza kupata majina? Na siku, na lango walilotokea?"

Mulondo akacheka. Mzee akatoa kadi. Mulondo akaacha kucheka. Alitaja majina manne. La nne lilikuwa la fundi cherehani wa Tumba, ambaye alikuwa pale mbele yetu, paja la kuku mkononi.

"Fundi," Mzee akamwuliza, "nani alikutoa?"

"Mimi?" Fundi akameza. "Mlinzi alikwenda kukojoa."

Jamani! Ukumbi ulilipuka. Wanawake walilaza vichwa mezani kwa kicheko. Na kumbe haikuishia hapo, maana mzee mmoja wa kanisa aliruka juu kwa uchungu: "Wewe fundi huna shukrani, si mimi niliyezungumza na mlinzi?" Na mwingine upande wa wanaume, kwamba la, ni yeye. Waokoaji watatu, mtu mmoja, na mlinzi anakojoa. Mgeni wa manispaa alipiga makofi, akidhani ni sehemu ya sherehe.

Kisha wakapiga kura na Mulondo akapita. Walisema pilau lilikwisha kupikwa.

Nilimfuata Mzee nje nikimshika mkono kwa furaha. "Umemwangusha, Mzee! Umemwangusha!"

Aliuondoa mkono wake taratibu. "Nimemwondolea alichodai. Hicho ni kitu kimoja. Sikukupa wewe unachodai. Hicho ni kingine."

Sikuzungumza naye tena kwa miaka miwili. Nilitazama zamu zake ubaoni, nikachagua za kwangu mbali nazo. Tulikutana ngazini, nikapita bila kumwamkia, naye alisimama kidogo kila mara, akingoja marahaba yake.

Alipoanza kusahau jiko likiwaka walimhamishia nyumba ya wazee, Tumba. Makaratasi yake yaliingia kwenye gari la taka. Niliwaona vijana wa kampuni wakiyabeba, nikakaa kimya dirishani. Miezi ikapita. Fundi cherehani ndiye aliyeniambia: "Yule mzungu wako anauliza habari zako. Anauliza kama umepata wa pili." Wa pili nani? "Sijui. Anasema tu, wa pili."

Nikaenda. Alikuwa amekonda, shati limefungwa vibaya. Nikasema shikamoo, nayo ilitoka yenyewe. "Marahaba, kijana," akasema, kama vile tuliachana jana. Katika yote aliyokuwa nayo kilibaki kisanduku kimoja cha viatu chini ya kitanda. Akaniamuru nikivute. Ndani hamkuwa na Mjerumani hata mmoja. Zilikuwa barua zake kwa mapadri, kwa makarani, kwa watu wa Jinja ambao majina yao alikuwa ameyachukua midomoni mwangu mashine zikizunguka. Miaka miwili yote ya kununa kwangu alikuwa akiandika. Majibu yalikuwa matatu. Mmoja hajui, mmoja amehamia, wa tatu anaomba redio.

Na chini kabisa, kadi. Mwandiko ulikuwa umeanza kutetemeka. *Mulondo. Alionyesha nyumba: imethibitishwa. Mashahidi wawili.*

Nikaisoma mara mbili. "Wa pili ni nani, Mzee?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa Iringa."

"Nilikuona wewe," akasema. "Pale mezani. Nilikuona ukiwa chooni mle. Mtu hawezi kuwa na uso ule kwa mgongo wa shati tu."

Nilikaa na kadi mkononi. Hiki ndicho nilichokitaka kwa miaka yote, kimeandikwa, kwa mkono wa mtu ambaye hajapata kumpa rubani yeyote hata bawa moja la bure. Ningeweza kuipeleka Hjulsta jioni ileile. Ningeibandika mlangoni kwa Mulondo. Lakini yeye alikuwa ananitazama kwa macho ya huruma, naye sikupata kumjua kuwa na huruma, na nikaelewa kwamba ameniweka pamoja na wale marubani wa haraka, na ameniweka pale kwa mapenzi.

"Hii haikubaliki, Mzee," nikasema. "Hukuwepo."

Aliinamia kadi, akaisoma tena. Kisha akatabasamu, wallahi, meno yote. "Penseli iko mfukoni mwangu," akasema.

Alifariki kabla ya majira ya joto. Mazikoni tulikuwa sita, na mmoja alikuwa mama wa ghorofa ya pili na mbwa wake. Kadi ninayo mimi. Imekatwa kwa mstari mwekundu, chini yake kwa mwandiko wangu mbaya: *Shahidi mmoja.* Mulondo bado yuko Hjulsta, bado ni mlezi, na siku hizi hudai tisa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulikaa Jinja, mtaa wa nyuma ya ghala la pamba, asubuhi ile walipomchukua mpakuzi anayeitwa Yosia, na ulisimama upande wa barabara ambako uso na mikono ya karani yule vilionekana, naomba useme. Hata kama mikono ilikuwa mfukoni, sema. Nitaandika ulichokiona, si zaidi.